Nani Amfuate Mwenzake, Ngoma au Tarumbeta?

Leo naomba tuzungumze habari ya muziki. Juma lililopita kijana mmoja mwenye gitaa aliniuliza: Je, ngoma ya wazee yaweza kupigwa pamoja na bendi ya matarumbeta, isiharibike? Nikamwambia swali hilo liliulizwa zamani huko New York, na waliolijibu walikuwa watu wa Cuba. Kisiwa hicho si kigeni sana kwetu. Santuri zake zilipigwa hata huku, ndiyo maana Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba.

Ngoma za Cuba zilitoka Afrika, pamoja na watu wa Kongo na Wayoruba waliouzwa utumwani. Pigo lake hushikwa na vijiti viwili tu vya mti mgumu. Hulia mara tano: tatu upande mmoja, mbili upande wa pili, kisha tena. Huitwa klave. Ngoma, gitaa na waimbaji, wote humfuata mwenye vijiti. Akosaye hapo ni kama mwanamke anayeshusha mchi wakati mwenzake naye anashusha wake katika kinu hicho hicho.

Jazi ni muziki wa watu weusi wa Marekani. Nayo huhesabu nne, lakini huyumba: sauti moja ndefu, ya pili fupi, kama mtu anayechechemea kwa furaha. Muziki wa Cuba hauchechemei. Basi ugomvi wote uko hapo.

Aliyefungua njia ni Mario Bauzá, mpiga tarumbeta wa Havana aliyehamia New York mwaka 1930. Mwaka 1940 shemeji yake Machito aliunda bendi, naye Bauzá akawa nguzo yake. Mwaka 1943 wakatoa muziki uitwao Tanga (msidhani ni mji wetu, majina yamefanana tu). Ulifaulu kwa sababu wapigaji walijua jazi na klave pia.

Lakini asiyejua afanyeje? Mwaka 1947 Dizzy Gillespie, Mmarekani bingwa wa tarumbeta, alimwomba Bauzá amtafutie mpiga ngoma. Akaletewa Chano Pozo, mtoto wa mitaa maskini ya Havana. Chano hakujua kusoma noti, na Kiingereza chake kilikuwa haba mno. Lo! Bendi nzima ya wasomi, na mwalimu wao hajui noti hata moja! Basi walipokuwa safarini ndani ya basi, Chano alimpa Gillespie ngoma moja, mpiga besi Al McKibbon nyingine, mwenyewe akashika yake, akawafundisha kila mtu pigo lake. Mimi hiyo naiona shule kamili.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule wakarekodi Manteca, maana yake mafuta ya nguruwe. Chano alitoa pigo na sauti za mwanzo kwa mdomo, wenzake wakaandika. Gillespie akaona muziki unazunguka mahali pamoja, akatunga kipande cha katikati. Ukisikiliza vema utasikia mshono: katikati bendi yarudi kuchechemea kama ilivyozoea, kisha ngoma yawavuta tena. Haikuchanganyika yote, lakini pande zote mbili zilisogea. Chano hakuishi kuona matunda yake. Mwezi wa Desemba mwaka 1948 alipigwa risasi katika kilabu cha pombe mtaani Harlem, akiwa na miaka 33.

Venezuela fumbo lilikuwa jingine. Joropo, dansi ya wafugaji wa mbuga, huhesabu tatu na sita kwa wakati mmoja, kwa kinubi, manyanga, na gitaa dogo la nyuzi nne. Utaitiaje katika jazi ihesabuyo nne? Aldemaro Romero, mpiga piano, hakuilazimisha. Aliiacha na hesabu yake, na mpiga ngoma Frank Hernández akahamisha pigo la joropo kwenye ngoma za bendi. Wakaiita Wimbi Jipya, na mwaka 1971 likafanyiwa tamasha mjini Caracas.

Tena pwani ya nchi hiyo, katika Barlovento, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya kakao hupiga ngoma kila mwaka tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Ngoma moja, mina, ni ndefu kama gogo. Mmoja hupiga ngozi, wenzake hupiga ubavu wake kwa vijiti. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika sherehe hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Yule kijana nilimshauri aiweke gitaa kando kwanza, amwendee mpiga ngoma mzee wa kijijini kwao, ajifunze pigo kwa mikono yake. Jana amerudi. Mzee amekubali, ila adai jogoo kabla ya somo la kwanza.