Wachunguzi wa Sayansi Wahesabiwe!

Wandugu wafanyakazi, sisi makarani tunajua: asiyeandikwa kitabuni hapati mshahara. Sasa tazameni orodha ya kazi za dunia, iliyotolewa na Shirika la Kazi la Kimataifa mwaka 2008. Wanakemia wana namba 2113, wanajeolojia 2114. Lakini mwanakemia anayepima shaba kila siku kiwandani, na yule anayetafuta elimu mpya katika laboratwari, wanahesabiwa pamoja. Mtoto wetu akiuliza, «Wachunguzi wangapi wanapewa kazi?», karatasi inanyamaza. Basi anachagua kazi aliyoiona kwa macho. Na kobalti yetu nyingi inasafishwa China. Tunadai serikali yetu iwaandike wachunguzi peke yao. Nchi isiyohesabu akili zake itauza mawe tu.