Nusu Dozi ni Hujuma

Imezuka tabia miongoni mwetu sisi watumishi wa umma na walimu ya kumbebesha mkulima lawama kwa kila maradhi yanayokataa kupona. Twasema hajui kutumia dawa. Kwamba hununua vidonge vinne vya rangi mbili badala ya dozi kamili, akameza viwili, na viwili akavifungua na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Mambo hayo yapo Ushetu, kama yalivyopo Kahama mjini na Geita. Hakuna anayeyakana.

Lakini ni nani aliyemuuzia vidonge vinne? Si mkulima mwenzake. Ni mwenye duka, ambaye kibali chake kimetundikwa ukutani. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, uliyaruhusu maduka hayo kuuza baadhi ya viuavijasumu, ambavyo duka la dawa baridi halikuwa na ruhusa ya kuviuza, ili mwananchi wa kijijini asikose tiba. Nia ilikuwa njema. Mlanguzi akaipokea kwa mikono miwili: huuza bila cheti cha daktari, na hupima dozi kwa fedha iliyo mkononi mwa mgonjwa. Mkulima wa tumbaku ambaye bado hajalipwa anayo fedha kidogo, basi hupewa dawa kidogo.

Hapana budi tuelewane juu ya dawa zenyewe, maana wengi wetu, pamoja na usomi wetu, tunazijua kwa rangi tu. Penisilini na ndugu zake amoksilini na ampisilini huharibu ujenzi wa ukuta wa kijidudu hata kikapasuka. Kirusi cha mafua hakina ukuta huo. Anayemeza amoksilini kwa ajili ya mafua hajajitibu chochote. Tetrasaikilini, doksisaikilini, erithromaisini na gentamaisini hukizuia kijidudu kutengeneza protini. Siprofloksasini hukizuia kunakili urithi wake, kisizaliane. Na kila kundi lina madhara yake. Penisilini yaweza kumuua kwa dakika chache mtu ambaye mwili wake unaikataa. Tetrasaikilini hutia madoa ya kudumu katika meno ya mtoto, na mama mjamzito hapewi. Gentamaisini yaweza kuharibu figo na kumwacha mtu kiziwi. Siprofloksasini yaweza kukata kano ya kisigino. Je, muuzaji humwuliza mama kama ana mimba kabla ya kumkatia vidonge?

Juu ya yote hayo uko usugu. Dozi pungufu huua vijidudu dhaifu na kuviacha vilivyo sugu, navyo huzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya hivyo mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobel. Tazameni kisonono, ugonjwa usio mgeni katika machimbo ya dhahabu: kimeishinda salfa, kikaishinda penisilini, kikaishinda tetrasaikilini, na sasa siprofloksasini. Tegemeo kuu ni sindano ya seftriaksoni. Hospitali ya Muhimbili, mwaka 2001 na 2002, kundi moja la vijidudu vya damu liliua watoto waliolazwa kwa kiwango cha zaidi ya maradufu ya malaria, na dawa kushindwa na usugu ilikuwa miongoni mwa sababu.

Wala si kweli kwamba jambo hili haliwezekani vijijini kwetu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, ambao wakati ule Geita ilikuwa wilaya yake, tiba bora ya magonjwa ya zinaa ilipunguza maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI kwa kiasi cha asilimia 40. Hapakujengwa hospitali za fahari. Wahudumu wa vituo vya afya na zahanati zile zile walifundishwa, na dawa zikafika bila kukatika.

Sasa turudi kwetu tunaolaumu. Mtumishi mwenye kadi ya bima hupewa dozi kamili, akapata nafuu siku ya tatu, akaweka vidonge vilivyobaki kabatini. Mwezi ujao humpa mtoto wa jirani, naye husifiwa kwa wema. Mwandishi wa makala hii, alipokuwa Chuo Kikuu, alimeza tetrasaikilini ya mwenzake kutibu mafua wakati wa mitihani, na hakuna mkulima aliyemfundisha upuuzi huo. Nguvu ya dawa hizi ni mali ya wote. Anayeipunguza kwa uzembe, awe na jembe au kalamu, anamnyang'anya mtoto wa mwenzake.

Madaftari ya mauzo ya maduka ya dawa ya Ushetu yakaguliwe, wakaguzi wasiarifu kabla ya kufika. Anayeuza bila cheti afungiwe. Lakini ukaguzi huo utangulie kuanza kwenye rafu za zahanati, kwa sababu mgonjwa aliyeambiwa dirishani kwamba amoksilini imekwisha hana pengine pa kwenda ila dukani.