Sauti ya Mama Haiuzwi Dukani

Mwezi uliopita, kijana mmoja mpagazi, jirani yetu hapa Soweto mjini Moshi, alinijia jioni na kitu kilichofungwa katika leso. Kilikuwa chombo cha muziki cha mfukoni, cha zamani, alichozawadiwa na mtalii miaka mingi iliyopita. Kilikuwa kimekufa. “Kaka,” aliniambia, “chombo chenyewe si kitu. Humu ndimo alimokuwa mama.”

Marehemu mama yake alikuwa mwimbaji wa kwaya. Nyimbo zake 11 zilinakiliwa kutoka kaseti hadi kompyuta ya studio, kisha zikatiwa chomboni. Kompyuta ikauzwa, na kaseti watoto wakairekodia mambo mengine. Ikabaki nakala moja tu, nayo ikapanda mlima ndani ya mfuko wa koti.

Yafaa tujue kwanza kilichomo ndani ya vyombo hivi. iPod ya kwanza, iliyotolewa mwaka 2001, ilikuwa na diski ya gigabaiti 5, iliyotosha nyimbo 1,000 hivi. Diski hiyo ni sahani izungukayo mara 4,200 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa kidogo kisomacho. Kichwa hakiigusi sahani. Hubebwa na utando wa hewa mwembamba kuliko unywele. Chombo kikianguka, kichwa huweza kuikwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakirudi.

Sasa tuutazame mlima wetu. Kwa kawaida diski za namna hii ziliwekewa kikomo cha matumizi cha mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Vibanda vya Mandara viko mita 2,720. Hapo pana usalama. Lakini Horombo ni mita 3,720, Kibo ni 4,720, na kilele cha Uhuru ni 5,895, ambako hewa ni kama nusu tu ya ile ya pwani. Hewa ikiwa haba, kichwa hukosa mto wa kukibeba. Kijana alikiwasha chombo chake Kibo usiku, kikalia ti-ti-ti. Akakizima, akakiwasha, akakipiga kofi, akakiwasha tena hadi saa ya kuondoka. Laiti angekizima palepale akashuka nacho! Huenda kila alipokiwasha aliongeza kovu jingine.

Basi, ndugu msomaji, ukisikia mlio huo, au nyimbo zikianza kukwama na kurukaruka, kizime chombo. Usikipige wala usikitikise. Usiifungue diski yenyewe kwa bisibisi, maana chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani. Kama chombo bado chasomeka katika kompyuta, anza kunakili yale yasiyopatikana tena popote: sauti za wazee, nasaha za harusini, buriani za wagonjwa. Nyimbo za dansi utazipata kwingine. Na kompyuta ikikuuliza kama ikirudishe chombo katika hali yake ya awali, kataa. Kukubali ni kufuta yote.

Kadhalika, elewana vema na fundi. Fundi mmoja mjini aliiondoa diski mbovu, akatia kadi ya kumbukumbu isiyo na sehemu izungukayo. Chombo kikawaka na kuimba vizuri. Kijana alifurahi, mpaka alipotafuta jina la mama yake asilione. Kukiponya chombo si kuyaponya yaliyomo. Wako mabingwa wa kuokoa yaliyomo katika diski mbovu, lakini gharama yao ni kubwa, na sahani ikiisha kukwaruzwa hawatoi ahadi. Hata hivyo nilimshauri aitunze ile diski, asiitupe.

Tukaulizia kwa jamaa. Dada yake aliyeko Arusha alikuwa na wimbo mmoja katika simu. Mmoja kati ya 11. Tuliunakili jioni ileile: simu ya kijana, kompyuta yangu, na flashi iliyowekwa kabatini kwa shangazi yake. Tulipousikiliza, kijana aliinamisha kichwa, hakusema neno hadi ulipokwisha.

Leo ni Jumapili, na aghalabu jamaa wote wako nyumbani. Kabla ya chakula cha jioni, ulizaneni: ni sauti ya nani tuliyo nayo mahali pamoja tu? Kisha inakilini leo hii.