Kampuni zikiungana, mkulima hubaki na mnunuzi mmoja

Habari zilipotangazwa mwaka 2021 kwamba Scancem International, mmiliki wa Twiga Cement ya Wazo Hill, inataka kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement watengenezaji wa Simba, swali la mwenye duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa rahisi: Twiga na Simba wakilala zizi moja, nani atashusha bei?

Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 ilikuwa na jibu lake. Inakataza muungano unaozaa au kuimarisha uwezo wa kuhodhi soko, na kipimo chake kimojawapo wakati huo kilikuwa sehemu ya soko inayozidi asilimia 35. Tume ya Ushindani (FCC) iliruhusu ununuzi huo Aprili 2022. Kampuni ya Chalinze Cement na chama cha kutetea walaji wakakata rufaa, na Septemba mwaka huo Baraza la Ushindani likatengua ruhusa, kwa kuwa kampuni hizo mbili kwa pamoja zingevuka kiwango hicho. Hata hivyo ununuzi ulirudishwa mezani na kukamilika mwaka 2023. Mwaka uliofuata hisa nyingi za Tanga Cement ziliuzwa tena, safari hii kwa kundi la Amsons.

Mwaka huo huo wa 2024 kiwango cha kuhodhi soko kilipandishwa hadi asilimia 40. Wawekezaji wamepata nafasi zaidi. Lakini kubadili tarakimu hakugusi tatizo la mkulima, kwani soko lake si nchi nzima. Ni umbali ambao gunia linaweza kusafirishwa na bado akabaki na faida.

Chukua mfano wa alizeti. Viwanda viwili vya kukamua mafuta katika wilaya moja vikichukuliwa na tajiri mmoja, hesabu za taifa hazitatikisika hata kidogo. Mkulima aliyezoea kuuliza bei kwa huyu kisha kwa yule, sasa atauliza mara moja tu. Tena huenda Tume isipate habari: mwaka 2017 kiwango cha mali au mauzo kinacholazimu kampuni kutoa taarifa kabla ya kuungana kilipandishwa kutoka Sh 800 milioni hadi Sh 3.5 bilioni. Katazo la sheria linabaki pale pale kwa muungano mdogo, ila hakuna anayebisha hodi kuomba ruhusa.

Kiwango cha fedha kina sababu yake, maana Tume haiwezi kukagua kila mashine inayouzwa. Kinachohitaji kurekebishwa ni kipimo cha soko la mazao, kianzie mahali mkulima anapouzia. Kwa sasa njia iliyopo ni malalamiko: sheria inamruhusu mtu yeyote kuyapeleka Tume, na kikundi cha wakulima chenye stakabadhi za bei za kabla na baada ya muungano kitakuwa na cha kuonyesha.