Wacha Kufuta Barua ya Jana Ndiyo Uandike ya Leo

Wasee, tuambiane ukweli. Barua rasmi tulifunzwa shuleni: anwani mbili, tarehe, KUH, "Wako mwaminifu". Tukapita mtihani. Lakini leo ukiambiwa uandike barua ya kuomba kazi unafanya nini? Unaitisha ya beshte yako, unafuta jina lake, unaweka lako.

Hata mimi nilikuwa hivyo. Nikiwa mwaka wa pili chuoni karo ilinilemea, nikaandikia ofisi tano kuomba basari. Zote kwa faili moja, nikifuta na kubadilisha pale saiba huku dakika zikihesabiwa. Barua ya nne ilienda na jina la ofisi ya tatu. Sisemi ndiyo ilifanya niache chuo. Nasema hiyo haikujibiwa, na kosa lilikuwa langu.

Siku hizi natumia LaTeX, na kiolezo cha barua kinaitwa scrlttr2, kutoka KOMA-Script. Ni cha bure. Jina langu, anwani na namba ya simu zinakaa kwa faili moja ndogo inayoishia na .lco. Barua mpya ikija, najaza vitu vitatu tu: inaenda kwa nani, inahusu nini, na ujumbe wenyewe. Tarehe inajiweka. Nikihama, nabadilisha anwani mara moja na imeisha. Hakuna jina la jana la kusahau kufuta.

Mtasema hiyo ni ya watu wa hesabu. Zii. Donald Knuth alianza TeX, mama ya LaTeX, miaka ya 1970 kwa sababu kitabu chake kilipangwa vibaya kiwandani. Yaani ilianza na mtu aliyekataa kazi mbovu.

Mtasema Word pia ina violezo. Sawa, tumia hivyo! Shida yangu ni hii tabia ya kufuta-futa.

Sitawadanganya, siku ya kwanza itakukasirisha. Mpangilio wake umetoka Ujerumani, na unachora vialama vya kukunjia karatasi pembeni. Andika foldmarks=false, vinatoka. Ukishaitengeneza vile unataka, hurudii tena.

Mtoto wa mtu mkubwa anapigiwa simu na mjomba. Sisi wengine tuna karatasi tu, na inaingia ofisini kabla yetu. Sasa mbona uitume ikiwa imevaa jina la mtu mwingine?