Kanuni ya 555 haina kosa, kapasita ndiyo tatizo

Nimekuwa kimya kwa sababu niko field huku Mpanda, maandalio ya somo kila usiku. Leo nina dukuduku.

Na vijana wa klabu ya fizikia tuliamua kutengeneza taa ambayo ukibonyeza swichi inawaka sekunde 10 halafu inazima yenyewe. Chipu ni 555, ile aliyoibuni Hans Camenzind mwaka 1971. Muda unapangwa na vitu viwili vya nje, rezista na kapasita: T = 1.1RC. Vijana wakapiga hesabu, kiloomu 910 na mikrofaradi 10, jibu sekunde 10. Safi kabisa. Kapasita tuliichomoa kwenye redio mbovu kwa fundi sokoni.

Tukabonyeza. Taa ikawaka, ikaendelea kuwaka mpaka kengele ya kutoka. Kijana mmoja akauliza, "Ticha, kwa hiyo kanuni ni ya uongo?" Jamani, niliishiwa pozi.

Usiku ndio nikaelewa. Betri yetu ni volti 9, na 555 inazima pale kapasita inapofika theluthi mbili, yaani volti 6. Karibu na hapo rezista ya kiloomu 910 inapitisha mikroampea 3 tu na kidogo. Kapasita kuukuu ya elektroliti inaweza kuvujisha zaidi ya hizo. Ni kujaza ndoo iliyotoboka kwa bomba linalodondoka, volti 6 huzioni!

Hapo ndipo ninapolalamika. Maswali tuliyofanya chuoni yanaichukua R na C kama vile ni kitu kimoja, mradi zao lake litoe jibu. Kwenye karatasi, 910 kwa 10 ni sawa na 91 kwa 100. Kwenye waya sio. Mimi nasema mwanafunzi achague kapasita kwanza: muda mfupi, kama sekunde 1, atumie ya plastiki ya mikrofaradi 1, haivuji ovyo. Muda mrefu ukilazimisha elektroliti, basi iwe mpya na rezista ishushwe. Hili lifundishwe siku ileile ya kanuni, sio baadaye.

Tumenunua mpya ya mikrofaradi 100, tukaweka kiloomu 91. Sekunde 11 na ushee. Yule kijana akasema bado imezidi. Nikamwambia elektroliti nyingi zinaruhusiwa kupotoka asilimia 20, aandike. Kaandika, ila kwa jicho la mtu ambaye hajaniamini.