Shangingi Lenu, Benchi Letu

Sisi tusio na magari ndio tunaoyajua magari. Mwenye nalo analijua la kwake tu. Sisi tunayajua yote, maana yote yanatupita. Mtoto wa darasa la pili, ukimkuta pembeni ya barabara ya kutoka Ifakara kwenda Malinyi, atakwambia kwa mlio tu, vumbi lenyewe halijatokea, kama linalokuja ni Prado au VX. Na majina tumeyapa sisi: kuna Rav4 Kili Time, kuna Rav4 Miss Tanzania, kuna Harrier Tako la Nyani, na wauzaji wanalitangaza kwa jina hilohilo bila kuona haya. Juu ya yote liko shangingi, yaani Land Cruiser VX ya wakubwa, ambalo halijahitaji jina la pili.

Kwa hiyo turuhusiwe kulinganisha. Wajuzi wa magari huyapima kwa kuyaendesha. Sisi tutayapima kwa jinsi yalivyotupita, yalivyotubana na, kwa nadra, yalivyotubeba.

Tuanze na ukubwa. Land Cruiser ya toleo la 200, ile V8 iliyotoka mwaka 2007 ikawa ndiyo sura ya misafara yetu, ina upana wa karibu mita 1.97 na urefu wa kama mita 4.95. Toleo la 300 lililoipokea mwaka 2021 limefika upana wa mita 1.98. Sasa chukua Hiace ya kawaida, kipanya chetu cha kwendea gulioni: upana mita 1.695, urefu mita 4.695. Yaani gari linalobeba watu kumi na sita walioketi, wawili walioinama mlangoni, na kuku ambao nauli yao bado inabishaniwa, ni jembamba na ni fupi kuliko gari linalobeba mtu mmoja na mkoba wake. Tulidhani ni macho ya wivu mpaka tulipotazama vipimo. Kuna konda alisimamishwa na trafiki akaambiwa amezidisha abiria. Akanyoosha kidole upande wa pili wa barabara, kwenye shangingi lililokuwa linasubiri kupishwa, akauliza kwa adabu: "Na lile, afande, si limepunguza?" Faini alilipa, lakini kituo kizima kilikuwa upande wake.

Ukubwa huo tungeuvumilia kama ungekuwa na kazi. Tunachokiona sisi ni kazi ya kuziba. Siku ya kikao cha wadau yanakuja mashangingi saba, yanaegeshwa mbele ya magenge, na mama anayeuza nyanya anabaki nyuma yake kama hayupo. Ukisoma namba, STL ya serikali, jingine DFP ya mradi wa wafadhili, jingine SM ya halmashauri. Hakuna wa kumwambia asogeze, kwa sababu dereva amelala ndani, injini inaunguruma, ili kiyoyozi kisizimike. Mafuta hayo anayalipia yule mama wa nyanya.

Tuje kwenye nguvu. V8 ile ya dizeli ina injini ya lita 4.5, turbo mbili, nguvu za farasi zaidi ya 260. Toleo la 300 limepunguza silinda hadi sita na uzito kwa kama kilo 200, lakini nguvu zimepanda hadi zaidi ya farasi 300. Hongera kwa Wajapani. Sasa tazama Hardtop, Land Cruiser ya ukoo wa 70 ulioanza mwaka 1984: lita 4.2, silinda sita za mstari, haina turbo, farasi kama 130 tu. Nusu ya mwenzake, au pungufu.

Haya, tuulizane. Chanjo zinafikishwa na gari lipi kitongojini masika yakikolea? Mitihani ya darasa la saba je? Masanduku ya kura? Maiti ya ndugu aliyefia hospitali ya wilaya? Ni Hardtop, mkonga wake wa kuvutia hewa ukichungulia juu ya maji, na likiharibika fundi wa chini ya mwembe analifungua kwa spana zake nane na kulirudisha barabarani kabla ya magharibi. Shangingi likigoma linaagiziwa kompyuta mjini. Mwenye farasi 130 anapanda milima ya Uluguru kwenye utelezi. Mwenye farasi 300 anatembea kwenye lami kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kama kilomita 450 zisizo na hata tope la kunawa. Na tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme inayomaliza safari hiyo kwa saa zisizotimia nne. Tunaipenda, tunaipanda. Swali letu ni dogo tu: mheshimiwa akishuka stesheni, lile gari linalomsubiri pale nje lilipanda behewa lipi?

Lakini ukubwa na nguvu ni maneno ya kijiweni. Kinachotuuma hasa ni kiti.

Kwenye VX wengi wetu tumeingia tukiwa waosha magari, au ndugu wa dereva, au wazee waliopewa lifti msimu wa kampeni. Wanaorudi wanasimulia kwa zamu. Kiti kinakupokea kiuno na mgongo kwa pamoja. Magoti hayagusi kitu. Kati ya viti vya mbele kuna kisanduku cha baridi, soda inatoka humo ikitoa jasho. Kelele za nje zinabaki nje. Nyuma kabisa kuna safu ya tatu ya siti, ambazo kwenye toleo la 200 hukunjwa zikaning'inia ubavuni kama mabawa ya kuku anayeatamia. Hatujakutana na binadamu aliyewahi kuzikalia, na waosha magari wanasema nyingine bado zina nailoni za kiwandani.

Kwenye Hardtop ile ndefu hakuna siti nyuma, kuna mabenchi mawili yanayotazamana. Gari linakwenda mbele, wewe unatazama ubavuni. Dereva akikanyaga breki, benchi zima linamlalia mmoja aliye karibu na kichwa cha gari. Likipanda mlima, mzigo wote unarudi kwa aliye mlangoni, na yeye hana wa kumrudishia. Springi za nyuma ni za mabamba, zimetengenezwa kwa ajili ya shehena, kwa hiyo mkiwa wachache linarusha, na raha inapatikana pale tu mnapozidi. Mguu umekanyaga jeki, kisogo kinagonga kioo. Sasa humohumo mlaze mama mwenye uchungu wa uzazi. Nesi ameshika chupa ya dripu kwa mkono mmoja, kwa mwingine ameshika chuma cha dari, na mama mkwe anamwomba dereva, "Baba, polepole," dereva naye anajua akienda polepole hatafika kwa wakati. Tumeshakaa kwenye benchi lile. Hatulitukani gari, maana bila hilo tungebebwa kwa machela. Tunasema tu kwamba limetengenezwa kwa ajili ya mizigo, nasi tukawekwa kwenye hesabu ya mizigo.

Walio katikati nao wana yao. Mwalimu aliyekopa SACCOS akaagiza Vanguard ya siti saba amegundua kwamba siti mbili za mwisho ni za watoto. Shemeji akikaa huko, magoti yanafika kidevuni. Wa Harrier ana kiti kizuri kweli, mpaka afike kwetu, ambako bampa linatangulia kushuka kabla yake. Wote wawili wamelipa ushuru wa forodha asilimia 25, wakalipa VAT asilimia 18, na kwa kuwa gari lenyewe limepita miaka kumi wakaongezewa ushuru wa uzee wake. Tuwaache wapumue.

Wenzetu Kenya walijaribu dawa. Kwenye bajeti ya mwaka 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, mawaziri waliambiwa warudishe makubwa na wapande magari yasiyozidi cc 1800, zikaletwa Volkswagen Passat. Tulishangilia hata sisi tusiopiga kura kule. Haikupita miaka mingi, misafara ya Nairobi ikarudi kuwa mirefu na ya juu kama zamani. Sisi hatuombi Passat. Gari la chini halifiki kwetu, na asiyefika hatuna la kumwambia.

Tatizo letu ni huyu anayefika, mkaguzi wa barabara na shangingi lake. Anapita mara moja kwa mwaka, vioo vimepandishwa, na kiti kile kinameza kila shimo tunalolijua kwa majina. Kuna shimo linaitwa Mzee Subiri. Kuna jingine lilivunja ekseli ya lori la mpunga, tukala wali wa bure wiki nzima, Mungu atusamehe. Yeye yote hayo anayavuka huku akisoma simu. Akifika wilayani anaandika kwenye taarifa kwamba barabara inapitika muda wote, wala hasemi uongo: kwa gari lile inapitika. Fedha za ukarabati zinakwenda kwingine, na mwakani anarudi na toleo jipya, laini zaidi, analiona hata lile shimo la mpunga limekuwa dogo.

Ndiyo maana kikao kilichopita, muda wa maswali ulipofika, tulisimama tukaomba jambo moja tu. Hatukuomba shangingi liuzwe, hatukutaja bei yake. Tuliomba mkaguzi wa barabara safari ijayo aliache wilayani, apande kipanya cha saa kumi na mbili asubuhi, akae siti ya nyuma juu ya tairi, karatasi zake mapajani na kuku miguuni. Nauli ni shilingi elfu tano, na tumeshaichanga.